Fiqhi ya Riba (Sehemu ya Tatu): Dhahabu Kuukuu kwa Sonara

Sehemu iliyopita tulieleza riba ya deni, ambamo mdaiwa huongezewa muda na deni likaongezeka. Ubaya wake hata asiyesoma anauona. Leo tuingie kwenye riba ya ziada, riba al-fadhli, ambayo huwapata hata Waislamu waangalifu, hasa kwenye maduka ya dhahabu.

Msingi wake ni hadithi ya Ubada bin Samit, aliyoipokea Imam Muslim, inayotaja mali sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Aina moja ikibadilishwa kwa aina ile ile, vipimo viwe sawa na makabidhiano yawe papo hapo. Ubora hauhesabiwi. Bilal (R.A.) alimletea Mtume (S.A.W.) tende nzuri za barni. Alipoulizwa kazipata wapi, akasema katoa pishi mbili za tende duni akapewa moja ya hizo. Mtume akamwambia hiyo ndiyo riba yenyewe; auze kwanza zile duni, kisha kwa thamani yake anunue nzuri.

Watu huuliza: matokeo si yale yale? Kwa maoni yangu, sivyo. Mali inapobadilishwa kwa mali, mwenye bidhaa bora ndiye anayekadiria tofauti. Mwenye pesa mkononi anaijua bei, na akiona anapunjwa huenda duka la pili.

Sasa mama anapeleka kwa sonara bangili za gramu 20, anapewa mkufu mpya wa gramu 15, eti kilichopungua ni ufundi. Hiyo ni riba. Hata akipewa mkufu mzito zaidi akaongeza shilingi juu, madhehebu yetu ya Shafii hayaruhusu. Dalili ni hadithi ya Fadhala bin Ubaid, aliyenunua siku ya Khaibar kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12. Mtume akasema kisiuzwe mpaka dhahabu itenganishwe.

Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim walijuzisha ufundi ulipiwe, nami siidharau hoja yao. Lakini wanazuoni walio wengi wameikataa, na njia aliyoelekezwa Bilal ni nyepesi: uza bangili, pokea pesa zako, kisha nunua mkufu kwake au kwa mwingine, bila sharti la awali. Sonara akiandika mauzo mawili kwenye risiti na pesa zisitoke droo, mama huyo bado hajauza kitu.