Kirusi Kimoja, Wagonjwa Wawili

Kichomi ni ugonjwa wa mapafu unaojulikana tangu zamani. Vifuko vidogo vya hewa vilivyomo ndani ya mapafu huvimba na kujaa majimaji, na oksijeni hushindwa kupenya na kuingia katika damu. Baadhi ya vichomi huletwa na bakteria, na vingine huletwa na virusi, kama vile virusi vya homa ya mafua na vile vya korona vilivyoenea duniani kote mwaka 2020.

Jambo moja limewashughulisha sana matabibu. Watu wawili wa nyumba moja, wenye umri mmoja na afya iliyo sawa, huweza kuambukizwa kirusi kilekile. Mmoja hukohoa siku tatu na kurudi kazini. Mwenziwe hulazwa hospitalini akipigania pumzi. Je, tofauti hiyo hutoka wapi? Uzee, kisukari na maradhi ya moyo huongeza hatari, lakini hayo peke yake hayaelezi kila kisa. Sehemu nyingine ya jibu imo katika urithi.

Mbiu ya mgambo ndani ya mwili

Kirusi kikiingia katika chembe hai ya mwili, chembe hiyo hutoa protini iitwayo interferoni. Protini hii ni kama mbiu ya mgambo: chembe jirani huisikia na kujifungia milango kabla adui hajafika. Mbiu ikichelewa kulia, au ikilia isisikike, virusi huzaana bila kizuizi.

Mwaka 2020 watafiti walioongozwa na Kenneth Baillie wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichunguza urithi wa wagonjwa mahututi 2,244 wa korona nchini Uingereza. Miongoni mwa jeni zilizohusiana na ukali wa ugonjwa walikuta IFNAR2, ambayo ni kama sikio la kuisikia interferoni, na TYK2, ambayo husaidia kupitisha ishara za kuwasha uvimbe.

Mwaka huohuo uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 987 waliokuwa na kichomi cha hatari kilicholetwa na korona, 101 walikuwa na kingamwili zilizoishambulia interferoni yao wenyewe. Kati ya hao 101, wanaume walikuwa 95. Katika watu 663 walioambukizwa bila kuugua sana, hakuonekana hata mmoja mwenye kingamwili hizo. Maana yake ni kwamba askari wa mwili walikuwa wakimnyamazisha mpiga mbiu wao.

Damu yatoa habari

Urithi huonyesha hatari ambayo mtu amezaliwa nayo. Damu huonyesha hali yake ya leo. Mwili ukiwa na uvimbe, ini hutengeneza kwa wingi protini iitwayo CRP. Kwa kawaida mtu mwenye afya huwa na chini ya miligramu 10 za protini hiyo katika lita moja ya damu. Kichomi cha korona kinapokuwa kikali, CRP hupanda, chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti hupungua, na vipande vitokanavyo na kuyeyuka kwa damu iliyoganda huongezeka.

Vipimo hivi si ramli, kwa maana CRP hupanda katika maradhi mengine pia. Hata hivyo huweza kuongoza tiba. Nchini Uingereza wagonjwa 4,116 waliopungukiwa na oksijeni na wenye CRP ya miligramu 75 au zaidi waligawanywa katika makundi mawili. Kundi lililopewa dawa ya tosilizumabu, ambayo hutuliza uvimbe, lilipoteza watu 31 katika kila 100. Kundi lisilopewa lilipoteza 35.

Deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, iliwaokoa wengi waliokuwa wakipumua kwa msaada wa oksijeni au mashine, lakini haikuwafaa waliopumua wenyewe. Sababu yaeleweka. Mwanzoni mwili unauhitaji moto wa kinga ili uviteketeze virusi. Baadaye ni moto huohuo unaoiunguza nyumba.

Urithi si hukumu

Mwaka 2020 Hugo Zeberg na Svante Pääbo walieleza kwamba kipande kimoja cha kromosomu ya 3, kinachoongeza hatari ya korona kali, kilirithiwa kutoka kwa watu wa kale wa Neanderthal. Karibu nusu ya watu wa Asia ya Kusini wanacho, na takriban watu 16 katika kila 100 wa Ulaya. Barani Afrika karibu hakipo kabisa.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kwa hiyo Mwafrika yu salama. Uchunguzi uliofanywa kati ya Mei na Desemba 2020 katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwamo, ulihusu wagonjwa mahututi 3,140 wa korona. Karibu nusu yao walifariki katika muda wa siku 30, kiwango kilichozidi wastani wa dunia. Watafiti waliyahusisha mauti hayo na uhaba wa vifaa vya kuwahudumia mahututi.

Jeni yaweza kueleza ni nani aliye hatarini, na kipimo cha damu chaweza kuonyesha ni lini hatari hiyo imefika. Lakini elimu hiyo yote humfaa mgonjwa pale tu anapokuta, kando ya kitanda chake, mtungi wa oksijeni uliojaa na muuguzi ajuaye kuutumia.