Mama Wasiotajwa Katika Shajara

Katika nyumba nyingi za Kilindini na Mji wa Kale mna shajara iliyokunjwa sandukuni, itajayo baba kwa baba hadi Shiraz au Hadhramaut. Mama hutajwa kwa nadra. Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba, yaani DNA, vya watu 80 wa kale: wengi walizikwa Mtwapa, wengine Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara, na baadhi yao bara.

Elimu hii ni changa. Mwaka 1984 wataalamu wa Marekani walisoma kipande kidogo tu kutoka ngozi ya kwaga, jamaa ya punda milia aliyekwisha kutoweka. Baadaye ikaja njia ya kukizidisha kipande kimoja kikawa vingi, nayo ikaleta fitina yake: aghalabu kilichozidishwa kilikuwa cha mtafiti aliyeushika mfupa! Tena iliyosomeka zaidi ni ile sehemu irithiwayo kwa mama peke yake, kwa kuwa ndani ya seli nakala zake ni nyingi. Leo mitambo husoma mamilioni ya vipande kwa pamoja, na cha kale hutambulika kwa kuharibika ncha zake. Joto ni adui wa vinasaba, lakini ule mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani huvihifadhi hata katika pwani kama yetu.

Na mifupa ilisema nini? Katika wengi wa watu wa miji hiyo ya pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, nayo ilitoka hasa kwa wanawake. Upande wa Asia ulitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, pamoja na sehemu ya Kihindi, na kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Basi wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakuzua. Ila anayejivunia Shiraz huku akimdharau mama yake wa Kiafrika amekata nusu ya nasaba yake, na lugha anayomdharau kwayo ni ya mama huyo huyo. Tukumbuke pia kwamba waliochunguzwa aghalabu ni wenye makaburi ya heshima mijini. Wavuvi na wakulima wa kando huenda wana habari nyingine.

Kuna jambo la hurma ya maiti. Sisi tumefunzwa kuwa mfupa wa maiti una heshima kama wa aliye hai. Profesa Chapurukha Kusimba, mmoja wa viongozi wa utafiti, aliomba idhini ya wenyeji, na kuchimba, kuchukua sampuli na kuzika upya kukamalizika katika msimu mmoja. Hilo nalisifu. Lakini unga uliotobolewa mfupani haurudi kaburini, na kwa rai yangu wenyeji waelezwe hilo waziwazi kabla jembe halijagusa ardhi, akina mama wakiwemo barazani.