Si kila gari la turbo huhitaji petroli ghali

WENYE magari ya turbo wengi huamini kuwa ni sharti wanunue petroli ya bei ya juu. Imani hiyo ni kweli nusu tu.

Turbo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hewa ikigandamizwa hupata joto, na petroli dhaifu yaweza kulipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi. Injini hugongagonga, na hatimaye pistoni huharibika. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili hali hiyo, wala si kipimo cha nguvu au usafi wake.

Nchini Japani, yanakotoka magari mengi ya mitumba yanayouzwa Kenya, petroli ya kawaida huwa na okteni isiyopungua 89, na ya daraja la juu 96. Subaru Levorg iliyozinduliwa huko mwaka wa 2014 ilikuwa na injini mbili, zote za turbo: ya lita 1.6 iliundiwa petroli ya kawaida, ya lita 2.0 ile ya juu.

Basi mwenye gari na asome kitabu cha maelezo, kisha aulize kituoni okteni ya petroli anayouziwa. Palipoandikwa kuwa ya juu ni lazima, kubania shilingi chache kwaweza kumgharimu injini nzima. Pasipoandikwa hivyo, ziada anayolipa ni hasara tupu.