Reli Inayoendeshwa na Watoto

Mtoto wa Karatu anayajua magari. Kutwa nzima Land Cruiser za watalii zinampita zikipanda kuelekea lango la Lodoare la Ngorongoro, na wengine huzitambua kwa mlio tu. Treni ndiyo hajaiona. Reli ya karibu ni ya Arusha, iliyofika huko mwaka 1929, na hiyo nayo ilikaa miaka mingi bila abiria hadi 2020. Kuivusha reli pale Mto wa Mbu ipande ukuta wa Bonde la Ufa ni kazi ambayo hakuna aliyeifanya.

Sasa msikie wa Budapest, Hungary. Kwenye vilima vya mji huo kuna reli ya upana wa milimita 760 (yetu ya zamani ni 1,000), ndefu kupita kilomita 11, na wafanyakazi wake ni watoto wa miaka 10 hadi 14. Wanauza tiketi, wanazikagua, wanabadili njia za treni na kutoa ruhusa ya kuondoka. Injini tu ndiyo imebaki mikononi mwa watu wazima, na wengine wako kando wakisimamia. Treni inapoondoka, mtoto aliyevaa kofia nyekundu husimama wima jukwaani na kuipigia saluti.

Ilifunguliwa mwaka 1948 chini ya serikali ya kikomunisti, iliyoiga Wasovieti. Huko Usovieti, mji wa Tbilisi ulikuwa na yake tangu 1935. Utawala ule ulianguka, watoto wakabaki kazini. Nadhani siri ni kwamba abiria ni wa kweli na wamelipa nauli. Mtoto akizembea, watu wanachelewa. Kwanza lakini anasoma kozi ya miezi kadhaa na kufanya mtihani, na mwenye alama mbaya shuleni hachukuliwi.

Kwetu nani angemwachia mwanafunzi wa darasa la sita stesheni? Lakini mifugo tunamwachia: kule Endulen, kwa wafugaji wa Ngorongoro, mtoto huanza kwa kuchunga ndama kandokando ya boma, akikomaa anapewa ng'ombe, na simba wapo.

Chuo chetu cha reli kiko Tabora, kwa vijana waliokwisha kumaliza sekondari. Shule za Karatu zinazopeleka wanafunzi kreta ya Ngorongoro zingeweza siku moja kugeuza basi lielekee stesheni ya Arusha, na mkuu wa stesheni akamkabidhi mmoja wao bendera ya kijani.