Kudhamini au Kuthamini? Herufi Moja, Maana Mbili

Wengi wetu chamani tulijifunza Kiswahili kwa masikio: jikoni, kanisani, msikitini, na kwenye simu za Jumapili kutoka Mombasa, Mwanza au Goma. Kusoma na kuandika tulifundishwa kwa Kiingereza, katika shule za Maryland, Virginia na Washington. Ndiyo maana tahajia ya Kiswahili hutupa kazi.

Kazi kubwa ni th na dh. Kiingereza kina sauti zote mbili, ila huziandika kwa namna moja: "think" na "this". Kiswahili huzitenganisha: thelathini, lakini fedha. Aliyezoea Kiingereza huandika "tafathali" na "thahabu" ingawa ametamka vizuri. Tatizo liko mkononi, si mdomoni. Tena mara nyingine maana nayo hubadilika. Tazameni jozi hizi:

Dhamini na thamini. Kumdhamini mtu ni kukubali kubeba dhima yake. Ndugu aliyetia saini fomu I-864 ili jamaa zake wahamie Marekani aliwadhamini. Kumthamini mtu ni kuona kwamba ana thamani. Katika barua ya shukrani yote mawili yanaweza kuwa kweli, lakini ni shukrani mbili tofauti.

Thamani na samani. Thamani ni ubora au bei ya kitu. Samani ni viti, meza na makabati.

Dhana na zana. Dhana ni wazo. Zana ni kifaa cha kazi. Walimu wetu hutaka dhana kwenye insha, si nyundo.

Kura na kula. Mwaka 2022 Wakenya wa huku walipiga kura ya urais papa hapa Washington. Kula ni shughuli nyingine, ingawa wapo wanasiasa wanaozichanganya.

Mahari na mahali. Wazee wakikubaliana mahari, posa imeiva. Ukiandika "mahali", jamaa watauliza ukumbi uko wapi.

Kuchanganya r na l, au kutamka "zambi" badala ya dhambi kama wengi wa Goma na Lubumbashi, mara nyingi ni lafudhi ya nyumbani, na lafudhi ya mama haina aibu. Maandishi lakini ni mali ya wote. Kiswahili sanifu, chenye msingi wa Kiunguja na kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930, humwezesha kijana wa Silver Spring kuandikiana na bibi yake wa Tanga pasipo kuelewana vibaya.

Ukisita kati ya th na dh, gusa koo lako kwa kidole, kisha tamka neno taratibu. Koo likitetema kwenye sauti hiyo, andika dh. Lisipotetema, andika th. Bado una shaka? Fungua kamusi kabla ya kutuma ujumbe.