Mwili umetangulia, mtoto bado yuko darasa la tatu

Februari ya Dar es Salaam si ya kuvaa sweta. Lakini kwenye shule za msingi hukosi kumwona msichana wa darasa la tatu aliyejifunga sweta mpaka shingoni saa saba mchana, jasho likimtiririka. Anaficha kifua. Wenzake bado, yeye ameshaota matiti, na tangu wamcheke mstarini halivui tena. Akipanda daladala, konda anamdai nauli ya mtu mzima na sare yake haimsaidii.

Nyumbani mama naye hana raha. Anamlinganisha na binti wa jirani aliyezaliwa naye mwaka mmoja, na moyoni ana swali moja: kuna mtu amemgusa? Imani kwamba matiti ya mapema huletwa na mikono ya wanaume imesababisha watoto wasio na kosa wachapwe. Balehe huanzia kwenye ubongo, ambao huiamsha tezi ya pituitari, nayo tezi ikaamsha ovari. Mzazi mwenye shaka ya kweli amkalishe mtoto kwa upole na amsikilize. Fimbo humfunga mdomo.

Kwa kawaida wasichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Kwa hiyo wawili wanaokaa dawati moja wanaweza kupishana miaka kadhaa, na wote wakawa wazima kabisa. Matiti hutangulia, na msichana huvunja ungo miaka miwili hivi au zaidi baadaye. Huo ndio muda wa mama kuzungumza na mwanawe, na wengi wanauacha upite.

Dalili zikianza kabla ya miaka 8 kwa msichana, au 9 kwa mvulana, mpeleke hospitali. Daktari atampima urefu na homoni za damu, na atapiga eksirei ya mkono wa kushoto kuona umri wa mifupa. Mtoto wa namna hii huwapita wenzake kwa kimo, kisha mifupa hufunga mapema na ukubwani akabaki mfupi. Wasichana wengi hawakutwi na ugonjwa wowote. Kwa wavulana, uwezekano wa kukuta tatizo kwenye ubongo ni mkubwa zaidi, kwa hiyo baba asijivunie sauti nzito ya mwanawe wa miaka 7. Ikibidi, zipo sindano za kuisimamisha balehe mpaka wakati wake ufike.

Mtaani lawama zote anabebeshwa kuku wa kisasa. Kuku huyo hukua upesi kwa sababu ya mbegu yake na chakula anacholishwa. Sababu inayojulikana vizuri zaidi ni unene: mafuta ya mwilini hutoa homoni ya leptini, inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Chipsi na soda za kila siku zina neno hapo. Na bibi zetu walichelewa kuvunja ungo kwa sababu wengi wao hawakushiba.

Kinachoniuma ni jinsi watu wazima wanavyousoma mwili huo. Kule Lindi na Mtwara mafunzo ya unyago, yaliyokusudiwa mwali anayekaribia kuolewa, yanamwangukia mtoto wa shule ya msingi. Siombi kazi ya kungwi ife. Amfundishe usafi na kuhesabu siku zake. Ya chumbani yasubiri. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipinga mahakamani. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo mwaka 2019.

Mwalimu mmoja wa kike shuleni aambiwe hali ya mtoto huyo, na pedi ziwekwe kwenye begi kabla hazijahitajika. Halafu wapo wale wajomba na majirani wanaomwita “mchumba” akipita na ndoo ya maji. Wanasema ni utani. Mtoto wa miaka 8 hana namna ya kuujibu utani huo, kwa hiyo mzazi awakataze papo hapo, kwa sauti, mtoto mwenyewe akisikia.