Nafasi ya 14 iliyoibakisha Tabora Ligi Kuu

MSIMU wa 2023/24 wa Ligi Kuu Tanzania Bara ulianza kwa fedheha kwa wapenzi wa soka mkoani Tabora. Agosti 16, 2023, timu yao, iliyokuwa imepanda daraja kwa jina la Kitayosce, iliingia Uwanja wa Azam Complex, Chamazi, Dar es Salaam, ikiwa na wachezaji wanane tu.

Haukupita muda Azam FC ikawa mbele kwa mabao 4-0, matatu kati ya hayo yakifungwa na Feisal Salum. Wachezaji wawili wa Kitayosce wakashindwa kuendelea, wakabaki sita, na mwamuzi akalimaliza pambano hata kabla ya mapumziko.

Mwamuzi hakuwa na hiari. Sheria za soka zinataka kila timu iwe na wachezaji wasiopungua saba, vinginevyo mchezo hauwezi kuanza wala kuendelea. Kikosi hicho hakikupungua kwa majeruhi au kadi nyekundu, bali kwa makaratasi: klabu ilikuwa imekumbwa na adhabu ya FIFA ya kuzuiwa kusajili, na wachezaji wake wengi hawakuwa na leseni za kucheza siku hiyo.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo kwa Tabora, ni vyema kurudi nyuma kidogo. Mkoa huo ulikuwa umesubiri miaka tisa. Timu yake ya mwisho katika ligi hiyo, Rhino Rangers, ilipanda mwaka 2013 na kushuka mwaka 2014, msimu mmoja tu. Kitayosce yenyewe ina asili ya Kilimanjaro, lakini ilihamia Tabora na kupokelewa kama mtoto wa nyumbani. Msimu huohuo wa 2023/24 ikabadilishwa jina na kuwa Tabora United.

Timu nyingine mbili zilizopanda nayo zilikuwa na mgongo wa kuegemea. JKT Tanzania ni ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mashujaa ya Kigoma ni ya Jeshi la Wananchi. Hivyo njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ikawa na timu mbili za Ligi Kuu katika nusu yake ya magharibi. Moja ilikuwa na mwajiri, nyingine ilikuwa inahangaika na leseni.

Umbali nao si jambo dogo. Kwa reli, Tabora iko takriban kilomita 840 kutoka Dar es Salaam, ambako Yanga, Simba, Azam na KMC huanzia safari zao. Klabu ya Dar es Salaam inaweza kumaliza mechi kadhaa za ugenini bila kulala hotelini. Tabora United haikuwa na nafasi hiyo hata mara moja. Kwenda Ruangwa mkoani Lindi kuivaa Namungo, kwa mfano, ni kuvuka karibu nchi nzima.

Ligi ilikuwa na timu 16, kila moja ikicheza mechi 30. Timu mbili za mwisho hushuka moja kwa moja. Zinazoshika nafasi ya 13 na ya 14 hukutana katika mechi mbili za mchujo, nyumbani na ugenini. Mshindi hubaki. Anayeshindwa hupewa nafasi ya mwisho, naye hucheza tena mechi mbili dhidi ya timu iliyofuzu mchujo wa Ligi ya Championship.

Ni mfumo unaolaumiwa na wengi kwa kurefusha maumivu. Kwa Tabora United ulikuwa ndio uhai. Ilimaliza ya 14, nyuma yake zikiwa Geita Gold na Mtibwa Sugar, ambazo zilishuka. Katika mchujo ilifungwa na JKT Tanzania, mwenzake wa kupanda. Ikabaki Biashara United ya Mara. Hapo ndipo ilipojiokoa, Juni 2024, ikiwa imecheza mechi nne zaidi ya ratiba ya kawaida.

Matunda yake yalionekana mapema kuliko ilivyotarajiwa. Novemba 7, 2024, katika uwanja uleule wa Chamazi, Tabora United iliifunga Yanga mabao 3-1. Yanga ilikuwa bingwa mtetezi, na ilianza msimu huo kwa kushinda mechi nane mfululizo bila kuruhusu bao, kabla ya kufungwa na Azam siku tano nyuma. Wiki moja baada ya kipigo hicho, kocha wake, Miguel Gamondi, aliachishwa kazi.

Msimu wa 2024/25 ulipokwisha, Tabora United ilikuwa ya tano, nyuma ya Yanga, Simba, Azam na Singida Black Stars. Hata hivyo, pengo la pointi kati yake na timu hizo nne lilikuwa kubwa mno, na hakuna aliyeweza kudai kwamba klabu ya mkoani imewafikia vigogo.

Mgongo wa kuegemea ulipatikana mwaka 2025, klabu ilipokwenda kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania na kuitwa TRA United. Lilikuwa jina lake la tatu ndani ya miaka miwili, na neno Tabora halikuwamo tena.